Kaka Aliyepimwa Macho

Kaka hakuwa kaka yangu. Tulikuwa majirani wa ukuta mmoja: upande huu cherehani yangu, upande ule chumba cha mazoezi ya ndondi, kilichokuwa zamani ghala la nazi. Mdogo wake, Salimu, ndiye aliyekuwa na haki ya kumwita Kaka, na kwa vile alivyomwita mara hamsini kwa siku, jina likapenya ukuta likatuingia sote. Muuza sambusa akamwita Kaka. Waendesha bodaboda wa Kona ya Musa, wengine wenye umri wa baba yake, wakamwita Kaka. Hata mimi niliyemzidi miaka minne nilimwita Kaka, wala sikuona haya.

Wote wawili walikuwa mabondia wa kulipwa. Hapa Ukunda kijana akitafuta riziki huenda hotelini Diani, au huenda baharini, haendi ulingoni. Kwa hivyo nyumba moja kutoa mabondia wawili lilikuwa jambo la kuzungumzwa mpaka Msambweni. Na hoteli hawakuiacha. Kaka alikuwa askari wa getini, Salimu alipanga vitanda vya wageni kando ya bwawa, na mazoezi yakafanywa kabla ya kazi na baada ya kazi.

Nataka kueleza Kaka alivyokuwa, maana siku hizi ukimtaja watu hutikisa kichwa wakasema, "Ah, yule aliyemponza nduguye jicho." Ni kweli, alimponza. Lakini habari hiyo ina kipande wasichokijua, na kipande hicho ninacho mimi.

Alikuwa mwangalifu mpaka akaudhi. Kila asubuhi alikuja mlangoni kwangu na sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu, akachuchumaa, akaipitisha sakafuni kuokota pini zangu, kwa sababu vijana aliowafundisha ndondi walipita pale miguu mitupu. Mara ya kwanza nilimwambia, "Kaka, wanaume wazima wanaopigana ngumi, pini itawafanya nini?"

"Ngumi wameikubali," akasema. "Pini hawakuikubali."

Bandeji za mikono alizifunga mwenyewe, za kila mtu. Kwanza alizinusa. Ya kijana ambayo haikufuliwa ilirudi nyumbani pamoja na mwenyewe. Kulikuwa na bondia mmoja kutoka Nakuru, mpishi wa hoteli, kijana mcheshi aliyezungumza Kiswahili chake cha huko. Siku moja alitokwa na damu puani kwenye mazoezi, Kaka akaingia katikati na kusimamisha kila kitu.

"Kocha, si ni damu kidogo tu," yule akalalamika. "Haina noma, tuendelee."

"Noma siijui. Wewe keti, inamisha kichwa, bana pua. Ikishakauka nenda nyumbani."

"Nyumbani? Manze, Kocha!"

"Na umsalimie mkeo."

Ndivyo alivyokuwa. Mtu huyo huyo, mwenye mabega ya kuziba mlango, hakuweza kuchinja kuku. Kuku wa Idi alimpeleka kwa imamu, akamkabidhi, kisha akageuka kutazama barabara mpaka kazi ilipokwisha. Sindano ndiyo usiseme. Aliwahi kupatwa na homa kali, akapelekwa kudungwa, na Salimu aliporudi alitusimulia jinsi Kaka alivyomshika mkono akafumba macho na kusoma Fatiha yote, na muuguzi bado hajafungua pakiti. Tulicheka wiki nzima. Kaka naye alicheka, ingawa alikuwa akigeuza uso.

Tusi lake kubwa lilikuwa "Wewe mtu wewe." Zaidi ya hapo sikumsikia. Na adabu yake haikujua mahali pa kukomea. Nilikwenda kumtazama akipigana mara moja, kwenye ukumbi mmoja Likoni, na mpinzani alikuwa mtu wa bara aliyemzidi umri kidogo. Refa akawaita katikati wagusane glavu. Kaka akainama akasema, "Shikamoo." Yule mtu alibabaika, akamtazama refa, kisha akajibu, "Marahaba," kwa sauti ya mtu aliyeulizwa swali gumu. Katika raundi ya pili Kaka akamwangusha. Baadaye alimfuata kwenye chumba cha kubadilisha nguo kumpa pole, akakaa huko muda mrefu mpaka tukadhani wanapigana upya.

Aliacha kupigana mapema mno. Watu walisema amezeeka, wengine wakasema ameingiwa na woga. Mimi nilimuuliza hasa, akanijibu huku akiokota pini zangu. "Bondia anahitaji mtu wa kumshikia pedi za kupokelea ngumi, Mejumaa. Sisi ni wawili. Mmoja lazima ashike."

"Na kwa nini asishike mdogo?"

"Mdogo ana mkono mzuri kunishinda." Alisema hivyo tu, kama anayenitajia bei ya nyanya.

Nilimwamini, na huenda yeye mwenyewe alijiamini. Lakini ukuta ule ulikuwa mwembamba. Alasiri, vijana wakishaondoka, nilimsikia peke yake mle ndani. Gunia la mazoezi halikuguswa. Zilisikika nyayo zake tu kwenye sakafu ya saruji, na pumzi fupi fupi, fff, fff, akipigana na mtu ambaye hayupo. Akitoka alifunga mlango, akanisalimia kana kwamba alikuwa akifagia. Sikuwahi kumtania kwa hilo, na mimi mtu wa utani.

Sasa niseme walivyofanana. Miaka mitatu ilikuwa kati yao lakini huioni. Kimo kimoja, paji moja, ule mwendo wa kutanguliza bega la kushoto. Hotelini Kaka akiugua, Salimu alisimama getini badala yake na meneja akamwita kwa jina la nduguye mchana kutwa. Shuleni mwalimu alimchapa Kaka kwa kosa la Salimu, Kaka akanyamaza akapokea fimbo zote, kisha wakagawana muhogo njiani. Walikuwa wamezoea. Kwao wao kusimama mmoja badala ya mwingine hakukuwa udanganyifu. Kulikuwa udugu, na sisi tuliowazunguka tulikuona hivyo hivyo.

Pambano la mkanda wa ubingwa lilipatikana mwaka ambao Salimu alikuwa kwenye nguvu zake zote. Lingepigwa Mombasa. Waandalizi walitaka kila bondia apimwe na daktari wao kwanza: moyo, damu, macho. Siku habari hiyo ilipofika, Kaka alikuja dukani kwangu baada ya adhuhuri, akakaa kwenye benchi la wateja, jambo ambalo hakulizoea.

"Salimu jicho la kushoto halioni vizuri," akasema.

"Tangu lini?"

"Mwezi na zaidi. Asema kuna kivuli pembeni, kama pazia lililovutwa nusu. Ngumi zikija upande huo hazioni. Nilidhani amechoka." Akasugua magoti. "Akipimwa hatapita. Na mkanda huu hautarudi tena kwetu, Mejumaa. Mtu wa Kwale haitwi mara mbili."

Nilikuwa nikishona sare za shule, mguu uko kwenye kanyagio, na mdomo wangu ulikuwa ukienda na mguu kama kawaida yake. Nikasema, "Basi nenda wewe ukapimwe. Nyinyi mmefanana kama miguu ya suruali moja. Daktari wa Mombasa atajuaje?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Wasema kweli, Mejumaa?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusimamisha cherehani. Palikuwa pa kumwambia Kaka, mimi natania, mpeleke mtoto kwa daktari wa macho leo hii. Badala yake nikasema, bado nacheka, "Kwani nimewahi kukudanganya?"

Akainuka, akaniaga vizuri, akatoka. Hatukuwa na mtu mwingine dukani.

Alikwenda. Salimu alijua na alifurahi, sitamwondoa kwenye kosa lake. Alimpa Kaka kitambulisho na trakisuti yake mwenyewe, yenye jina mgongoni, niliyoishona mimi. Daktari akatazama picha, akatazama uso, akaandika kwamba bondia mzima.

Na Salimu akashinda. Watu husahau hilo. Alishinda kwa pointi, raundi kumi, na upande wa kushoto wa uso wake ukiwa umevimba kama andazi kwa zile ngumi asizoziona. Kaka alikuwa kwenye kona yake, kitaulo kimemning'inia shingoni. Wale waliokaa karibu walisema alikishika mara tatu, mara nne, kama anayetaka kukirusha ulingoni pambano likome, na kila mara akakirudisha shingoni. Mtu aliyesimamisha mazoezi kwa tone la damu ya mpishi. Siku ya pili waliingia Ukunda kwa honi, mkanda umening'inizwa kwenye dirisha la gari, na mimi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka.

Wiki haikwisha pazia likashuka lote. Daktari wa macho alisema ngozi ya ndani ya jicho ilikuwa imeanza kubanduka zamani, na lau Salimu angeletwa mwezi mmoja kabla, jicho lingewahiwa. Sasa hakukuwa na la kuwahi. Kaka ndiye aliyekuwa amekaa naye alipoambiwa. Alirudi, akawaita vijana wake, akawapa glavu wagawane, akamrudishia mwenye nyumba ufunguo. Nilimwona akitoka na ile sumaku mkononi, hajui aiweke wapi, nikajifanya natafuta uzi.

Habari ya kupimwa ilitoka taratibu, kama zinavyotoka habari. Salimu mwenyewe ndiye aliyeisema, kwa uchungu, kwenye arusi moja, kisha akahamia Kikoneni kwa wakwe zake kulima muhogo na korosho. Aliyejua kwamba Kaka alikwenda kwa daktari alijua. Lakini wazo lilitoka wapi, hilo hakuna aliyeuliza. Watu waliona wazi kuwa ni la Kaka, na Kaka hakuwasahihisha. Mimi nami sikuwasahihisha. Miaka minane nimekaa kwenye duka lile lile, wateja wananikalia benchi lile lile na kumsema yeye, na mimi nakata kitambaa.

Kwetu mwezi wa Shaabani ukielekea ukingoni watu huombana msamaha, mtu asiingie Ramadhani na kinyongo cha mwenzake. Wengi hulifanya juu juu, kwa ujumbe wa simu uliotumwa kwa watu mia. Kaka alilifanya kwa miguu. Alianza kwa imamu, akapita kwa muuza sambusa, akaja kwangu, akaenda stendi ya bodaboda mmoja mmoja. Mwaka mmoja alimfuata hata yule mpishi wa Nakuru jikoni kwake. Yule akabaki na mwiko hewani. "Kocha, kwani umenifanya nini?"

"Huenda nilikufukuza mazoezini bila haki."

"Nilikuwa natoka damu, Kocha!"

"Hata hivyo."

Kila mtu isipokuwa mmoja. Na Salimu huko Kikoneni, kwa maneno ya mkewe, kila mwisho wa Shaabani alivaa kanzu safi akakaa barazani, akisema anapunga upepo. Walizungumza kwa simu, mvua imenyesha, muhogo umeliwa na ngiri, watoto hawajambo. Jicho halikutajwa. Nilipoambiwa habari ya ile kanzu nilishindwa kujizuia, nikamwendea Kaka getini hotelini.

"Wangoja nini? Nenda ukamwombe nduguyo msamaha."

Alikuwa akiandika namba ya gari. Alimaliza, akaufungua mlango wa geti, akampungia dereva.

"Nikimwomba atanisamehe papo hapo," akasema. "Mimi ni kaka yake. Hajawahi kunikatalia kitu tangu azaliwe, hata siku ile angenikatalia ningeshukuru. Sasa mtu asiyeweza kunikatalia, msamaha wake nitaujuaje kama watoka moyoni?"

Nilitaka kumwambia na mimi langu pale pale, lakini gari jingine likaja.

Mwaka huu alikuja mwenyewe. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe juu ya masikio, na lile bega la kushoto bado linatangulia. Alisimama mlangoni kwangu akatazama sakafu kwa mazoea. "Kesho nakwenda Kikoneni," akasema. "Nisindikize, dada. Nikifika peke yangu nitazungumza habari ya mvua."

Tulifika kabla ya alasiri. Salimu alikuwa barazani, na kanzu yake. Alipomwona kaka yake alisimama, akageuza uso wote upande mmoja ili amtazame kwa jicho zima, akampa shikamoo. Mkewe akaleta chai na sahani ya muhogo wa nazi. Kaka hakugusa. Alisema moja kwa moja, mikono iko magotini, kwamba alimkosea, kwamba yeye ndiye mkubwa na ndiye aliyepaswa kukataa, kwamba anaomba msamaha. "Na usinipe kwa kuwa mimi ni Kaka," akasema. "Ukiwa hutaki, sema hutaki. Nitaondoka nikikupenda vile vile."

Salimu akasema, "Nitakuuliza jambo moja kwanza. Siku ile kwa daktari, ulipokuwa ukisoma zile herufi ukutani, ulikuwa ukifikiria nini?"

Nilidhani Kaka angesema alikuwa akiogopa. Mimi ndivyo nilivyofikiri siku zote, kwamba aliogopa kama alivyoogopa sindano.

"Nilikuwa na furaha," Kaka akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilizisoma zote, mpaka mstari wa chini. Daktari akasema, kijana, macho haya ni ya bondia, na moyo huu una miaka mingi ya kupigana. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nikasahau nimekwenda kwa ajili yako, Salimu. Njia nzima kurudi nilikuwa nikimfikiria bondia yule aliyesifiwa. Jicho lako nililikumbuka nilipokuona."

Salimu akainuka. Akaenda uani, tukasikia maji ya udhu yakimwagika, kisha tukasikia sauti yake chumbani akisali peke yake, hakutukaribisha. Kaka alibaki akitazama miguu yake. Mimi nilijua kwamba mdogo mtu amekataa, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na kwamba ana haki.

Alikawia. Aliporudi macho yake yote mawili yalikuwa mekundu, lile zima na lile lisiloona. Alikaa karibu na kaka yake kuliko mwanzo.

"Nilikuwa sitaki," akasema. "Nimekwenda kusali nikaona kwamba sitaki. Sasa nataka. Nimekusamehe, Kaka, duniani na akhera. Na wewe unisamehe, nilikutuma."

Kaka alimwinamia begani akalia, yule bondia, na mkewe Salimu akaingia ndani kwa adabu. Nililia na mimi. Nilifurahi kwa ajili yao na furaha ile ilikuwa ya kweli.

Kisha Salimu akanigeukia, uso wote, kama alivyolazimika sasa kumgeukia kila mtu. "Dada Mejumaa, Mungu akulipe kwa kumleta. Katika habari hii yote wewe peke yako hukumkosea mtu."

Kaka aliinua kichwa akanitazama. Hakuwa amemwambia. Miaka minane, na siku hiyo vile vile, alipokuwa akijitaja yeye na makosa yake yote, benchi langu hakulitaja, wala utani wangu. Nilijua kwamba akinyamaza ni kwa sababu neno lile ni langu kulisema, na kwamba hatalisema badala yangu wala hatanilazimisha. Salimu alikuwa akinitazama kwa tabasamu. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

Nikasema, "Amin."

Kaka akaendelea kunitazama kidogo tu. Kisha akanisogezea sahani ya muhogo, akaniambia nile kabla haujapoa.